Mtu Aliyewekwa Tawi la Bakteria

Likasi, 12 Novemba 1995

Mujomba Ruphin,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, hata padri kwenye kitubio: kwenye kadi yangu ya shule ya masista, mahali palipoandikwa "Jina la baba", niliandika jina lako.

Nimelitanguliza mbele ya salamu ili nisipate nafasi ya kuogopa. Sasa salamu. Mama yuko, anakusalimu sana, na anauliza kama ni kweli kwamba huko Bulaya mtu anaweza kula viazi siku saba mfululizo bila kuugua. Anauza makala ya kuwashia jiko na majani ya sombe sokoni Kikula. Umeme hututembelea kama askofu: tunatangaziwa, tunafagia, haji. Majirani wanaofanya kazi kampuni bado wanaondoka asubuhi na kikopo cha chakula, wanakwenda kuangalia kama kazi ingalipo, wanarudi na kikopo kitupu. Mimi ni mzima. Niko mwaka wa sita, bio-kemia, tuko wasichana kumi na mmoja na mzani mmoja usio na mawe.

Nirudi kwenye kosa langu. Unajua vizuri kuliko mimi jinsi mambo yalivyokuwa. Baba yangu, Alexis Kabamba, fundi umeme, alizaliwa Panda, hapahapa Likasi. Hakuwahi kuiona Kasai hata siku moja hadi mwaka 1993, alipopakiwa kwenye treni pamoja na wote wenye asili ya huko, akaambiwa anarudi kwao. Kabla ya hapo alilala stesheni miezi miwili chini ya turubai, nami nikimpelekea bukari na mboga kila mchana. Siku ya treni, Mama alimwambia: "Tangulia, tutakufuata." Bado tunamfuata. Yeye yuko hukohuko Kasai, Mwene-Ditu, anatengeneza redio za watu.

Septemba ile Mama alinipeleka kwa masista, na njiani akaniambia: "Jina la Kabamba ulibakishe nyumbani." Nikaandikwa kwa jina la nkambo, mzazi wa Mama, wa Kapolowe. Lakini mahali pa baba Mama hakuwa ameniambia kitu, na Masœur Hélène, mkuu wa shule, alikuwa amesimama juu yangu na saa mkononi. Nikaandika wewe. Kwa mujibu wa kadi hiyo, ulinizaa ukiwa na miaka kumi na saba, ukiwa bweni la mapadri. Samahani.

Sasa kuna fomu ya Mtihani wa Serikali, inayotaka jina, baba na asili. Jina nitakaloliandika humo ndilo litakalokuwa kwenye diploma maisha yangu yote. Nikijaza kama kadi, nitakuwa mtoto wako hadi kaburini. Nikiandika Kabamba, Masœur anasema jina lisilolingana na kadi halifanyi mtihani. Mwisho ni tarehe 30 Aprili. Nishauri.

Na uniambie kazi yako huko ni nini hasa. Wenzangu wananiuliza "baba yako" anafanya nini, na nimechoka kujibu "anasoma". Wanasema watu huwa wanamaliza kusoma.

Binti yako wa karatasi,
Bibiane


Liège, 18 Desemba 1995

Mwipwa wangu Bibiane,

Barua yako imefika ikinuka mazuti, kwa hiyo najua ilipita kwenye lori la dereva Symphorien. Nimefurahi. Mwambie mama yako, dada Émérence, kwamba viazi haviui, vinachosha tu. Huku kuna theluji. Mwenye nyumba wangu ni bibi wa miaka themanini ambaye kila Jumapili ananiuliza kama kwetu tuna Jumapili.

Kazi yangu. Protini ni vibarua vya mwili, unajua hilo: kimoja hubeba hewa kwenye damu, kingine hukata chakula tumboni, insulini huchunga sukari. Wataalamu hupiga kila kibarua kwa miale ya X mpaka wapate umbo lake, na maumbo yote huwekwa kwenye ghala moja kubwa ndani ya mashine za ordinateri, yaani kompyuta. Ghala lina maelfu ya vitu, na kila kitu kina namba. Ukiwa huna namba, umepotea kama mgeni katikati ya Kikula siku ya mvua.

Mimi natengeneza dirisha la ghala hilo. Huhitaji namba. Unaona mti wa viumbe: mimea, wanyama, bakteria. Unabonyeza "wanyama", tawi linafunguka. Unabonyeza "wenye uti wa mgongo", linafunguka tena. Hadi unamfikia kiumbe mmoja, na hapo unaona kila protini iliyotoka kwake. Nimekuwekea kurasa chache za kuonja. Mtu yeyote duniani, Bibiane, mwenye ordinateri na waya wa simu, ataweza kubonyeza!

Kama unataka kuwaonyesha wenzako, tengenezeni mti kwa kadi. Usinunue karatasi. Chini ya kitanda cha mama yako kuna sanduku langu la bati, lina kadi za enzi zile nilizofundisha Kikula. Nadhani zilizobaki ni za maktaba. Mgongo wake ni safi.

Kuhusu fomu, wakati ungalipo. Msikilize mama yako.

Mujomba wako,
Ruphin


Likasi, 11 Februari 1996

Mujomba,

Tunakusalimu wote. Mama aliugua malaria akapona, na katika homa alikuwa anapanga bei ya sombe. Mvua imebomoa ukuta wa jiko. Tunapikia nje na majirani wote wanajua tunakula nini, jambo ambalo halichukui muda kulijua.

Nimelifikiria sana neno lako "mtu yeyote duniani". Waya wa simu wa hapa ulikatwa mwaka juzi. Sasa uko sokoni, umekuwa bangili na mitego ya panya. Kwa hiyo mimi nitabonyeza kwa barua. Tawi litafunguka baada ya miezi mitatu, kama dereva hakufungia karanga ndani yake. Lakini nina subira, nimesoma kwa masista.

Kurasa zako tumezisoma darasani kwa sauti. Tumejifunza kwamba katika ghala la dunia, tajiri ni kuku, kwa ajili ya yai lake. Anayemfuata ni ng'ombe mwenye pembe, baadaye kuna farasi na nyangumi. Tuliulizana nani amewahi kumwona farasi. Hakuna. Nani amewahi kumwona nyangumi. Hakuna. Samaki wa mto Lufira hayumo hata mmoja, wala muhogo wetu. Mwenzangu Jenny akasema: "Basi hata huko wanaandika wakubwa tu." Nikamtetea baba yangu wa karatasi, nikasema dirisha halina kosa, kosa ni la ghala.

Lakini kuna jambo ambalo nimeshindwa kulitetea. Kwenye tawi la bakteria, kwa yule kijidudu wa matumbo mnayemwita koli, nimekuta "insulini ya mtu". Mara tatu. Nikageuza ukurasa, na kwenye tawi la hamira nikakuta protini nyingine ya mtu, ile ya kwenye machozi inayolinda macho. Nikaenda kwenye tawi la mtu mwenyewe: insulini haipo. Mujomba, mtu amefanya kosa gani hata awekwe kwa vijidudu vya choo? Na kwenye hamira yumo kwa sababu gani, ni mkate?

Kadi bado sijazichukua. Nilipomuuliza Mama sanduku, alisema: "Ile sanduku uache. Iko na mende."

Umeandika ukurasa mzima juu ya ghala, na mistari miwili juu ya fomu. Nimehesabu. Mama nimemsikiliza kama ulivyosema. Anasema: "Andika Kapolowe. Karatasi haiko na macho." Wewe je, unasemaje?

Binti yako wa karatasi,
Bibiane


Liège, 17 Machi 1996

Mwipwa wangu,

Pole kwa homa ya dada, na pole kwa ukuta. Theluji imeyeyuka, sasa ni tope. Bibi mwenye nyumba amegundua kwamba naimba vizuri na ananipeleka kanisani kama mtu anayetembeza mbwa aliyeshinda mashindano.

Umenikamata! Niliisoma barua yako nimesimama, nikaenda moja kwa moja kwenye mashine. Ni hivi. Siku hizi hakuna anayekamua insulini kutoka kwa watu. Wanachukua maelezo ya mtu, yaani ile jeni yake, wanampa koli, naye anaitengeneza ndani ya chungu, na hamira vilevile. Mwandishi wa ghala huandika: "Ni ya mtu, imetengenezwa ndani ya koli." Programu yangu ilikuwa inasoma jina la mwisho kwenye mstari na kumpanga mtu kwa hilo. Kosa la kijinga, na watu wazima wanne hapa hawakuliona.

Nimerekebisha. Kanuni sasa ni hii: tunaangalia asili, hatuangalii mahali kitu kilipotengenezwa. Koli aitengeneze miaka mia, insulini ile ni ya mtu. Asili ni asili. Mkuu wangu alicheka sana, akataka jina lako liandikwe kwenye orodha ya waliosahihisha. "Bibiane nani?" akaniuliza. Nikamwambia aandike Bibiane tu, wa Likasi.

Kwenye fomu andika Kapolowe. Nusu yake ni kweli, na nusu inatosha kwa fomu. Usifukuefukue mambo, unakaribia kufika.

Ruphin


Likasi, 14 Aprili 1996

Mujomba Ruphin,

Mama ni mzima. Alikuwa Kapolowe kutafuta mahindi kwa siku nne. Mimi pia ni mzima. Salamu zimekwisha.

Mama alipoondoka, daftari langu lilikuwa limejaa na mti wetu ulikuwa umefika tawi la ndege tu. Nikavuta sanduku. Mende hawakuwemo.

Za maktaba hazimo. Zimo kadi sitini na tatu za wanafunzi, zimeandikwa Oktoba 1992, zina mhuri wa shule yako ya Kikula. Kila kadi ina jina, jina la baba, mahali pa kuzaliwa, asili. Kila moja ina mstari wa penseli nyekundu pembeni. Mwandiko ni mzuri. Namba saba ina kijiti katikati, kama kwenye tarehe ya barua yako ya mwisho. Kwenye mahali pa kuzaliwa nimesoma: Likasi, Likasi, Likasi, Kolwezi, Likasi. Kwenye asili, zote sitini na tatu: Kasai.

Namba 41: Kabamba Bibiane. Baba: Kabamba Alexis. Kuzaliwa: Likasi. Asili: Kasai. Mstari mwekundu.

Mwaka ule ulikuwa unanifundisha hesabu, na Jumapili ulikuwa unakula kwetu. Baba alikuwa anakutolea paja la kuku. Redio uliyoondoka nayo ni yeye aliyeitengeneza.

Sasa naelewa kwa nini walikuchagua huko Bulaya. Ulikwenda na uzoefu.

Naona pia kwamba kanuni yako haijabadilika, na hilo ni jambo zuri kwa mwanasayansi. Asili ni asili, mahali pa kutengenezwa si kitu. Insulini imeshukuru: kwa kanuni hiyo imetolewa kwa vijidudu ikarudishwa kwa watu. Baba alitengenezwa hapa, kwa maji ya hapa, na mama yake aliyezikwa hapa. Kwa kanuni hiyohiyo alitolewa kwa watu akawekwa chini ya turubai. Kisha mimi, ambaye nina baba, unanishauri niandike Kapolowe kwa sababu nusu inatosha. Kumbe asili hulegea ikifika kwa mwipwa. Ungewaambia hivyo na wale wengine sitini na wawili.

Mama aliporudi alinikuta nimezitandika kitandani.

"Nilikuambia iko na mende."

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Ruphin aliniambia nizichome. Minye nikakatala. Jina ya muntu haichomwi."

"Basi kwa nini ulizificha?"

"Weye ulitaka nizitundike ukutani? Kando ya Bikira Maria?" Akaanza kumwaga mahindi kwenye beseni kwa nguvu. "Aliambiwa aandike, akaandika. Weye ungefanya nini?"

"Ningeandika vibaya."

Akaokota punje zilizoruka nje ya beseni. Halafu akasema: "Baba yako aliuliza mara tatu pale stesheni nani alitoa majina. Minye nikasema sijui."

Nabonyeza mara moja tu, Mujomba. Nani alikuomba orodha, na ulijua ni ya nini? Zimebaki siku kumi na sita, na najua jibu lako haliwezi kufika. Naandika hata hivyo ili usiseme hukuulizwa.

Bibiane


Liège, 9 Juni 1996

Bibiane,

Nakusalimu, namsalimu mama yako. Huku ni joto. Programu inakwenda vizuri, watu wa nchi ishirini wameshabonyeza.

Nimeianza barua hii mara nyingi.

Mtu alikuja shuleni na karatasi yenye mhuri akataka wanafunzi wapangwe kwa asili ya baba. Alisema ni takwimu. Wenzangu walikuwa na mwandiko mbaya, mimi nilikuwa na mzuri. Kupanga si kufukuza, nilijiambia. Nilipofika darasa la tatu nilikuwa nimeshajua. Kadi nilizipanga kwa alfabeti, na orodha niliyompa ilitoka humo. Yako niliiruka, nikairudia mwisho. Nilijaribu kuandika Kapolowe. Lakini wote shuleni walikuwa wanamjua baba yako, na mimi nilikuwa naogopa.

Baba yako alijua kwamba nilikuwa naogopa. Hakujua sababu.

Andika unavyotaka kwenye fomu. Nakuomba kitu kimoja: zichome kadi zile. Hazina faida kwa mtu.

Ruphin


Likasi, 21 Julai 1996

Mujomba,

Mama anakusalimu, nami nakusalimu. Jiko lina ukuta tena. Barua yako imefika tarehe 16 Julai, mtihani ulikuwa umeshapita. Ninakushukuru kwa sababu umejibu. Ombi lako la mwisho limechelewa, na hata lingewahi nisingelifanya. Nitakuambia nilichofanya.

Tarehe 26 Aprili nilijaza fomu: Kabamba Bibiane. Baba: Kabamba Alexis. Kuzaliwa: Likasi. Asili: Kasai. Nikaipeleka kwa Masœur Hélène. Unajua mimi siwezi kuongea mbele ya watu; nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye kiganja, na jasho likayafuta.

Akasoma. Akafungua faili, akatoa kadi yangu ya masista.

"Hapa baba yako ni Ruphin."

"Ni mujomba wangu, Masœur."

"Uliniandikia uongo miaka mitatu?"

"Niliandika mara moja tu. Miaka mitatu nimekaa nao."

Nadhani alitaka kucheka, lakini hakucheka. "Nipe cheti cha kuzaliwa."

Cheti Baba aliondoka nacho kwenye bahasha ya vyeti vyote. Nikampa kadi namba 41.

Akaigeuza huku na huku. Akapitisha kidole juu ya mstari mwekundu. Alikuwepo Likasi mwaka ule, na masista waligawa uji pale stesheni. Hakuuliza rangi ile ni ya nini.

"Umeipata wapi?"

"Kwa mwalimu aliyeiandika."

"Yuko hai?"

"Yuko Bulaya, anapanga protini."

"Aliandika vizuri," akasema Masœur. Kisha akanitazama. "Unajua jina hili linaweza kukufungia milango hapa mjini?"

"Najua."

"Ina mhuri. Mhuri ni mhuri." Akachukua kalamu, akakata jina la nkambo na lako kwenye kadi yangu, akaandika Kabamba na jina la Baba juu yake, akatia sahihi. Kadi uliyoiandika wewe akaibakisha kwenye faili kama uthibitisho. Kwa hiyo, Mujomba, ile karatasi uliyotaka ichomwe ndiyo pekee katika mji huu inayosema mimi ni mtoto wa nani. Uliiandika sahihi kila neno.

Nikafanya mtihani kwa jina hilo. Matokeo bado.

Kadi zilizobaki ni sitini na mbili. Sikuandika protini mgongoni mwake. Mti wetu tuliumalizia kwenye makaratasi ya mifuko ya saruji, na insulini iko kwa mtu. Nilikaa siku mbili nikanakili majina yote sitini na mawili kwa mwandiko wangu, ambao si mzuri kama wako. Nikamwandikia Baba. Nilimpa salamu, nikampa habari za Mama na za ukuta, kisha nikamwambia nani alitoa majina, kwa sababu aliuliza mara tatu. Nikamwambia pia kwamba watoto walioandikwa kwenye orodha hii walisoma Likasi, na kama yupo yeyote huko aliyekataliwa shule kwa kukosa karatasi, kadi yake ninayo, ina mhuri, nitaituma.

Jana Mama alisoma barua ile yote akiwa amesimama. Akaniuliza kama bado kuna nafasi chini ya ukurasa. Nikamwonyesha. Akaandika mistari yake, akaifunika kwa mkono, akaifunga bahasha yeye mwenyewe.

Leo baada ya misa niliipeleka stesheni. Fundi wa treni anayekwenda Mwene-Ditu aliitia mfukoni, akafunga kifungo. Nikarudi nyumbani, nikalirudisha sanduku chini ya kitanda, nikamsaidia Mama kutwanga sombe.

Mwipwa wako,
Bibiane Kabamba